Nesi wa Gari la Asubuhi

Niseme la kwanza kabisa: yule mwanamke alikuwa hakai. Miaka yote aliyokunywa chai kwenye mgahawa wangu hapa Getanuwas, sikumbuki kumwona akimaliza kikombe akiwa ameketi. Nitafuta benchi, nitalisogeza kivulini, nitamwambia, "Karibu, Nesi, kaa basi upumzike." Atashukuru, ataweka mkoba wake kwenye benchi, na yeye mwenyewe atasimama mlangoni na kikombe mkononi akiangalia barabara. Mkoba ndio uliokuwa unapumzika.

Mimi nakaanga maandazi tangu alfajiri, na mtu akihangaika mbele yangu namna hiyo ananichosha. Siku moja nikamwambia, "Nesi, ukisimama hivyo unanifanya nijione nimechelewa mahali."

"Na umechelewa kweli," akasema. "Gari limebakiza dakika ngapi?"

Sikuwa na safari yoyote. Nilikuwa na unga mikononi mpaka kwenye viwiko. Lakini kwake yeye kila mtu alikuwa na safari, ila hajajijua.

Tulimwita Nesi. Jina lake lilikuwepo, lakini hapa hakuna aliyelitumia. Hata mchungaji akimwombea kanisani alisema "Nesi wetu," na nadhani Mungu alielewa. Aliletwa na kazi kutoka Songea akiwa bado msichana, akafanya kwenye zahanati yetu mpaka akastaafu. Tukajua sasa atafunga mizigo arudi kwao, kama walivyofanya wenzake wote walioletwa na serikali. Wapi! Akajenga vyumba viwili nyuma ya zahanati, akapanda migomba iliyokataa kumea kwa ukame wa huku, akaendelea kuamka saa ile ile. Kiswahili chake kilikuwa cha kusini, cha kukimbia. Cha kwetu kinakwenda polepole, na kila mtu akitaja jambo unasikia lugha ya mama yake ndani yake. Alijifunza salamu za Kiiraqw na za Kibarbaig, akazisema vibaya, na wazee wakampenda zaidi kwa sababu hiyo.

Tumbo la mwanamke alilijua kabla ya mama mkwe hajalijua. Atakuangalia unavyoinua ndoo, atasema, "Wewe, hebu njoo huku." Basi, siri imekwisha. Na akishajua, hakuachi. Atakufuata kisimani, atakufuata shambani, atakuuliza mbele ya shemeji zako, "Umekwenda Katesh kupimwa?" Ukisema bado, jamani! Utasemwa mpaka utatamani ardhi ipasuke. Lakini huyo huyo aliyefokea wajawazito hakuweza kuchinja kuku. Aliniletea kuku wake nimchinjie, akageuka upande wa pili na kuziba masikio. Nikamwambia, "Wewe umeshika damu za kijiji kizima!" Akasema hizo zilikuwa damu za watu wanaotaka kuishi, kuku naye hakuulizwa.

Sasa, gari. Siwezi kumsimulia Nesi nikaliacha gari, maana maneno yake mengi yalikuwa ya gari. Lilikuwa Kosta moja ya mtu wa Nangwa. Jioni linafika kwetu, linalala, asubuhi linakwenda Katesh, mchana linarudi. Zahanati yetu inapima malaria, inachoma sindano, inamzalisha mwanamke ambaye mambo yake yamenyooka. Yakipinda, ni hospitali ya Katesh. Kwa hiyo lile gari kwa Nesi halikuwa gari. Aliliona kama wodi yenye magurudumu.

Na sisi tulilitumiaje? Nicheke au nilie? Siku ya mnada lilijaa mpaka juu, watu, mbuzi, magunia ya vitunguu. Siku nyingine lilibeba kila kitu isipokuwa watu. Mtu atamletea dereva maharage ampelekee dada yake Katesh. Mwingine atampa simu ikachajiwe, mwingine jogoo wa mchungaji, mwingine ujumbe tu: "Mwambie kaka mama hajambo, ila mguu." Mizigo ikishapakiwa tunalipungia mkono, tunarudi nyumbani. Kwenda mwenyewe bila sababu kubwa kulionekana kama kujionyesha. Nesi alikuwa anasimama pale mlangoni kwangu, kikombe mkononi, anasema, "Kuku anapanda gari, mjamzito anatembea! Ninyi watu ninyi!"

Kulikuwa na jambo jingine, na hili mtu wa mjini hawezi kulielewa. Kwetu huwezi kumsimamia mzee kichwani. Mzee ameketi, wewe umesimama juu yake umeshika bomba, kwapa lako kwenye kofia yake? Haiwezekani. Kwa hiyo mzee akiingia na viti vimejaa, kijana anainuka, anampa kiti, kisha hasimami pale. Anashuka. Anasema, "Nitakwenda kesho," na anashuka kweli, na mwenzake anashuka kwa kumuunga mkono. Nimeona wazee wawili wakiingia na nusu ya gari ikashuka. Dereva alikuwa anapiga usukani kwa ngumi.

Na mkwe. Mkwe ndiyo usiseme. Mwanamke hawezi kukaa na baba mkwe wake kwenye gari moja wakabanana magoti. Kulikuwa na binti mmoja, mke wa jirani yangu wa ng'ambo ya korongo, mimba yake ya pili. Nesi alimwandalia kila kitu aende Katesh kabla ya siku zake. Asubuhi akatoka na kanga zake na beseni, gari likasimama, viti vipo. Akachungulia ndani akamwona baba mkwe wake amekaa mbele. Akampungia dereva mkono apite. Akatembea. Alijifungulia njiani, kwenye shamba la alizeti, na mtoto hakuishi.

Nesi alikwenda kumchukua kwa miguu. Aliporudi alipita hapa, sikumkaribisha chai, niliogopa uso wake. Hakumlaumu yule binti hata mara moja. Hata yule mzee hakumlaumu, maana mzee wa watu alilia kama mtoto, anasema, "Wangeniambia, ningeshuka! Kwa nini hawakuniambia nishuke?" Lakini tangu siku hiyo kuhangaika kwa Nesi kukawa kwa aina nyingine. Zamani alihangaika kama mtu mwenye kazi nyingi. Sasa alikuwa kama mtu aliyeacha chungu motoni. Kanisani alikaa upande wa mlango, na honi ikilia katikati ya mahubiri anatoka, anakwenda kuangalia nani amepanda na nani hakupanda. Mchungaji alizoea, anasubiri kidogo, kisha anaendelea.

Aligombana na vijana wa bodaboda, akawaita wauaji, na wakianguka yeye ndiye aliyewashona. Alisema bodaboda ni ya mtu mwenye mifupa ya ziada. Alipita nyumba kwa nyumba. "Mimba haijui mnada," ndilo lililokuwa neno lake, kila mtu analijua, watoto waliliimba wakiruka kamba. Na kwa yote hayo, yeye mwenyewe hakupanda. Akitaka kwenda Katesh anatoka alfajiri na raba zake, anatembea, anapata lifti ya lori mbele huko. Nikimuuliza anasema, "Nikikaa mimi, mgonjwa atakaa wapi?" Nilimwona mtu wa ajabu. Gari linaondoka na viti vitupu, na yeye anamwachia kiti mgonjwa ambaye hayupo.

Basi ikatokea mwenye gari akatuma neno kwa dereva: anakuja mwenyewe. Atafika jioni, atalala, asubuhi atasafiri na gari lake mpaka Katesh aone mambo yanavyokwenda, maana kila siku anaambiwa mafuta, mafuta, na abiria hawaoni.

Nesi hakuwepo. Alikuwa amekwenda Masieda, kule Mbulu, kwenye msiba wa nesi mwenzake waliyeanza naye kazi. Angekuwepo, mambo yangekuwa mengine. Mwenyekiti wa kijiji akasimama baada ya ibada. Ni mzee mwenye adabu zake, sauti nzito, fimbo nyeusi. Akasema, "Kesho mwenye gari anasafiri. Ni mgeni wetu, na gari ni lake. Ametubeba muda mrefu. Tumheshimu."

Tukamheshimu, haki ya Mungu! Vijana waliliosha gari usiku ule mpaka likang'aa. Wanawake tulifagia pale linaposimama. Kiti cha mbele tukakitandika shuka jipya. Mimi nilimtolea maandazi ya bure, na mwenyekiti akampa kuku. Asubuhi tukasimama wote kando ya barabara, watu wengi kuliko siku ya mnada, tukimwagia shikamoo, na hakuna hata mmoja aliyepanda. Utampandiaje mtu gari lake siku anapotaka kulipanda mwenyewe? Hata waliokuwa na safari waliahirisha ili asibanwe. Akaondoka peke yake na yule kuku, sisi tunapunga mikono, tumefurahi kweli kweli.

Nesi alirudi kutoka msibani mchana wa siku ile ile. Hata mkoba hajaushusha, watu wakaanza kumsimulia kwa furaha. "Nesi, ungekuwepo! Tumempisha mgeni, amekaa gari zima peke yake kama bwana harusi!"

Alituangalia mmoja mmoja. "Peke yake?" akauliza.

"Peke yake! Hakuna aliyemsumbua."

Akakaa chini. Si kwenye benchi, chini kabisa, kwenye vumbi, mbele ya mlango wangu, na miguu ameinyoosha kama mtoto. Nilimwaga chai niliyokuwa nammiminia. Hapo ndipo nilipojua kwamba tumefanya jambo baya.

Gari halikurudi. Jioni tulingoja honi, kimya. Dereva alipiga simu kusema limehamishiwa barabara ya lami, kwenye watu. Na mimi nilikuwa na binti yangu nyumbani, mimba yake ya kwanza, presha inampanda miguu imevimba, na hospitali imesema aonwe kila wiki. Kila wiki! Wiki ya kwanza nilimpeleka kwa bodaboda. Kila shimo tulilopita nilisikia kama limepita ndani ya tumbo langu mimi. Aliporudi alitokwa damu kidogo. Nesi alilala kwetu siku hizo, au niseme alitembea kwetu, maana kulala hakulala. Nilimwambia, "Nesi, mwanangu akifa nitakwenda kumtupia yule mtu wa Nangwa yale maandazi yaliyobaki." Nilikuwa nalia. Akasema, "Hafi. Nakwenda mimi."

Kabla ya kwenda akamwomba mwenyekiti aitishe mkutano. Wanasema mpaka leo kwamba haukuwahi kutokea mkutano kama ule. Alitufokea wote, wazee kwa vijana. Alisema, "Mwenye gari haheshimiwi kwa kuachiwa gari! Anaheshimiwa kwa kujaziwa gari! Mmemwonyesha nini? Mmemwonyesha kwamba hatumhitaji!" Mwenyekiti alikuwa ameinamisha kichwa, fimbo katikati ya magoti. Ndipo yule binti aliyefiwa na mtoto kwenye alizeti, ambaye siku zote hasemi mbele za watu, akanyoosha mkono.

"Lakini Nesi," akasema taratibu, "na wewe hupandi."

Watu wakageuka kumwangalia Nesi.

"Tulikuwa tunakuangalia wewe," yule binti akasema. "Tukaona mtu mwema anaacha kiti."

Sijui kama Nesi aliwahi kushindwa na neno kabla ya siku ile. Akasema, "Ni kweli, mwanangu," akachukua mkoba wake, akatoka. Kesho yake alikuwa Nangwa.

Yaliyosemwa Nangwa alinisimulia mwenyewe. Mwenye gari alimkaribisha vizuri, akamsikiliza mpaka mwisho, akacheka. "Mama, mimi niliona kwa macho yangu. Gari tupu. Halafu wakanipa na kuku. Mtu akikupa kuku si anakuaga?" Nesi akamweleza tena, kwamba ilikuwa heshima. Yule mtu akasema hajawahi kusikia heshima ya namna hiyo, na yeye mafuta hanunui kwa heshima. Nesi akakataa kuondoka. Akasimama pale uani kwake tangu asubuhi mpaka mke wa mwenye nyumba akachoka kumwona, akamwambia mumewe, "Mpe huyu mama gari lake, atatutobolea ua." Basi akakubali kulirudisha kwa majaribio. "Lakini nitakuja kuangalia," akasema, "na safari hii sitasema nakuja lini."

Gari likarudi, na Nesi akapanda. Kila asubuhi, kila mchana. Hakuwa na shughuli Katesh zaidi ya kukaa kwenye kiti chake na kuhakikisha sisi tumekaa kwenye vyetu. Aliyetaka kutuma maharage aliambiwa apande nayo. Vijana walimkimbia, wanawake tulimtii. Binti yangu alikwenda kila wiki akiwa ameegemea dirisha, mto mgongoni, na presha ikaanza kutulia. Nilianza kupumua.

Sasa nifike kwenye ile siku ninayomalizia nayo, maana mwezi ule ule binti yake Nesi alikuja kutoka Songea kumchukua mama yake, ambaye macho yalikuwa yameanza kumpotea, na sijamwona Nesi tena.

Tulikuwa stendi ya Katesh mchana, tunarudi. Binti yangu dirishani, mimi pembeni yake, Nesi mbele yetu. Gari limejaa, hakuna kiti. Konda amesimama mlangoni anaita. Mara namwona mtu wa Nangwa upande wa pili wa barabara, mikono nyuma, anaangalia. Hakuwa ametuma neno. Nikamgusa Nesi begani. "Nimemwona," akasema bila kugeuka.

Na wakati huo huo, jamani, nani anakuja? Mwenyekiti. Ametoka wilayani kwenye shughuli za kijiji, koti limejaa vumbi, anatembelea ile fimbo, amechoka. Konda akamshika mkono, akampandisha.

"Shikamoo, mwenyekiti," gari zima.

"Marahaba, wanangu."

Miguu yangu iliinuka yenyewe. Sikuiamuru. Nikaona na vijana wa nyuma wameshika mizigo yao, kina mama wanakunja kanga, kila mtu anajiandaa kushuka, maana mzee yule atakaa vipi na sisi tumemsimamia? Nje pale mwenye gari amevuka barabara, anakuja. Mara nyingine tena angeona gari lake likimwagika.

"Kaeni!" Nesi akasema.

Hakuna aliyewahi kusema vile mbele ya mwenyekiti. Kijana mmoja akamwambia, "Nesi, ni mzee."

"Nimemwona kwamba ni mzee. Kaeni. Hakuna kushuka. Mwenyekiti atasimama."

Nilikaa. Uso wangu ulikuwa unawaka. Nilitamani kujificha chini ya kiti. Mwenyekiti alituangalia, akamwangalia Nesi, kisha akaangalia nje na kumwona mwenye gari mlangoni. Akaelewa. Akahamishia fimbo mkono wa kushoto, akanyoosha wa kulia, akashika bomba kama kijana wa shule. Mwenye gari akachungulia, akatazama viti vyote, akamtazama mzee aliyesimama. Akampa shikamoo. Kisha akapiga ubavu wa gari kwa kiganja na kumwambia dereva aende.

Kila tukipita shimo mzee anayumba, na sisi tunayumba naye kwa aibu. Nilimwangalia Nesi. Alikuwa amekaza macho mbele, mikono ameibana katikati ya magoti, na machozi yanamtiririka mpaka kidevuni, wala hayafuti. Lilimuuma kuliko lilivyotuuma sisi, na hakuinuka.

Tulipofika mwenyekiti alishuka wa kwanza, akasimama chini ya mlango kumsubiri. Nikajua sasa kumekucha. Nesi akashuka, akampa shikamoo yake kwa mikono miwili.

"Marahaba," mzee akasema. "Nesi, umenisimamisha kutoka Katesh mpaka hapa."

"Ndiyo, mwenyekiti. Unisamehe."

Mzee akanyoosha mgongo, ukalia. Akaliangalia gari, akamwangalia binti yangu anavyoshushwa taratibu na tumbo lake.

"Na kesho je?" akauliza.

"Kesho," Nesi akasema, "uwahi."